Udongo kwenye Mzambarau

Juzi mtoto wa jirani aligonga mlango wangu akiwa amebeba sahani iliyofunikwa kawa. Hata kabla hajaifunua nilijua ndani mna nini. Zambarau zilizoiva kupita kiasi zina harufu yake, uchachu kidogo na utamu mwingi, na ikishanifikia huwa sina tena umri huu nilio nao. Pembeni ya zambarau kulikuwa na vitumbua vya moto, vinang'aa kwa mafuta. "Mama kasema karibuni," alisema mtoto. Nikamwambia amshukuru sana mama, ila sisi leo tumeshiba. Mtoto hakuondoka mara moja. Aliniangalia usoni, akaangalia sahani yake, akaniangalia tena. Nilitambua anachofanya, kwa sababu mtaa wetu wote wa Usagara, hapa Tanga mjini, hakuna anayeijua kazi hiyo kunishinda mimi. Alikuwa ananishuku.

Nami ni mtu wa kushuku, sikatai. Maziwa nayanusa mbele ya muuzaji. Fundi akiniambia friji imekufa, namwambia aiwashe nione inavyokufa. Mume wangu huwasimulia wageni kwamba siku ya posa nilimhoji mshenga mpaka mshenga akaomba maji ya kunywa. Watu hudhani ni mji ulionifundisha. Wala. Tabia hii niliitoa kijijini, Mwera ya Pangani, mwaka ule mzambarau wetu ulipokufa masika, mvua inanyesha na udongo umelowa, wakati ambao hata kijiti cha uzio huchipua.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Mama, jina lake Kristina, alikuwa Tanga mjini anauza duka la watu, anakuja sikukuu. Babu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akamwoa Bibi, Mbondei wa Kikatoliki asiyekosa Misa, kisha akafariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na Bibi, lakini sikuwahi kuiona hivyo, kwa sababu ng'ambo ya ua wa makuti alikuwepo Bi Zuwena. Huyu alikuwa mjukuu wa Waarabu wenye mashamba. Siku hizo shamba lilikuwa limebaki minazi michache na jina. Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka, akinipiga vidole kila nilipolegeza. Ndiye aliyenisuka nywele. Bibi aliniita Vero, yeye aliniita Veroni, na nilipokuwa mdogo sana nilidhani kila mtoto ana majina mawili, la kila upande wa ua.

Mzambarau ulisimama katikati ya ua huo. Nusu ya shina ilikuwa kwetu, nusu kwake, na makuti yalifika yakagota kwenye gome upande huu na upande ule. Hakuna aliyejua nani aliupanda. Kando yake palikuwa na mwanya usio na mlango, na nilipita mwanya ule mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yetu. Sahani nazo zilipita hapo. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo vitumbua vikienda, visheti vinarudi, na visheti vikirudi lazima kitu kiende tena, na mzigo huo wote niliubeba mimi, nikijipunguzia njiani. Jioni Bi Zuwena alikuja kunywa chai kwetu. Bibi alipika chai nzito ya maziwa na iliki, akatia sukari kwa vijiko vya kujaza, na wakakaa chini ya mti ule kuwasema watu.

Kisha kitu kikaharibika, na sikuona kilipoanzia. Nilichokiona ni kwamba Bi Zuwena alianza kufunga. Ukimkaribisha chai, amefunga. Kesho yake, amefunga. Ramadhani ilikuwa imeshapita muda mrefu, na hata mimi mtoto wa Kikatoliki nilijua mtu halipi deni la saumu namna ile. Bibi alimwaga chai ya kikombe cha pili kwenye mgomba. Halafu ikawa zamu yake. Nilileta halua kutoka kwa Bi Zuwena, halua ya kupikwa siku ya shughuli, nyeusi na laini. Bibi akasema meno yanamsumbua. Meno! Bibi ambaye alitafuna mfupa wa kuku mpaka ukawa unga. Siku nyingine nilimfuata kimyakimya nyuma ya nyumba, nikamkuta anawarushia kuku visheti vya Bi Zuwena, kimoja kimoja, huku akitazama huku na huku.

Mtu wa bara pengine haelewi uzito wa jambo hili. Pwani, kukataa chakula cha jirani ni sawa na kumwambia jambo ambalo hakuna anayelitamka. Ndiyo maana nilianza kuwachunguza wale kuku. Kila nilipotoka shule nilikwenda kuwatazama kama wamekufa. Hawakufa. Walinenepa, na jogoo akapata manyoya ya kung'aa. Hilo nalo nikalishuku.

Lazima nieleze habari ya gome, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Bibi alikuwa na desturi ya kuchukua gome la mzambarau akachemsha na kunywa maji yake. Nilipomuuliza alisema ni dawa ya tumbo. Gome lilichukuliwa kwa utaratibu. Asubuhi na mapema, jua linapochomoza, alisogeza makuti yaliyogota kwenye shina upande wa mashariki, akabandua kipande kwa panga. Jioni, jua linapozama, akabandua kingine upande wa magharibi. Wakati huo haruhusiwi kuzungumza, na akisalimiwa haitikii. Akimaliza anapaka jeraha udongo mwekundu, anarudisha makuti mahali pake. Mimi nilishika kikapu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asichukue tu pale panapofikika kwa urahisi, akanijibu baada ya kufika ndani, maana njiani hasemi: "Mti nao una mwili, Vero. Ukiuchuna huku na huku, lazima uuachie mbele na nyuma." Na jambo jingine alilonisisitizia ni kwamba dawa ya gome haitangazwi. Ukimwambia mtu unatumia nini na unatibu nini, umeimwaga.

Jumapili moja Bibi alikwenda Misani akaniacha nimelala na homa. Dirisha la chumba chetu lilitazama mti. Nilikuwa nimejifunika gubigubi, macho tu nje, nikaona kanga inapenya kwenye mwanya. Alikuwa Bi Zuwena. Hakupiga hodi. Alisimama akasikiliza, akatazama mlango wetu, kisha akaenda kwenye mzambarau, upande wetu kabisa, akatoa kisu chini ya kanga. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nilisikia kisu kinakwaruza. Halafu akatoa kitu kwenye kopo, cha rangi ya majivu, akakisiliba kwa kiganja pale alipokata, polepole, kama anayesiliba ukuta. Alipogeuka nilifumba macho, ingawa dirisha lilikuwa na giza ndani na asingeweza kuniona.

Bibi aliporudi aliliona lile doa kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa. Aliniuliza, na mimi nikamwambia nilichokiona. Alikaa kitandani kwangu. "Usiguse pale," alisema. "Unanisikia? Hata ukianguka, usijishikize pale." Alileta chupa ya maji ya baraka, akanyunyizia shina kutoka mbali, mkono umenyooka, na toka siku hiyo tuliuzunguka mti kwa mbali. Yeye mwenyewe aliendelea kuchukua gome lake kule mashariki na magharibi, tena mara nyingi zaidi, akipanua kidogo pembeni kwa kuwa pale pa zamani palikauka. Lakini lile doa la majivu hakulisogelea. Ng'ambo ya pili kukaanza kunuka ubani kila Alhamisi, moshi unapita kati ya makuti unatuingilia ndani. "Unaona?" Bibi aliniambia, akafunga dirisha.

Msimu wa zambarau ulipofika, mti ulizaa kuliko miaka yote niliyoikumbuka. Zilikuwa kubwa, nyeusi ti, na utamu wake haukuwa wa kawaida. Zambarau siku zote hukukausha ulimi kidogo, lakini hizi zilikuwa asali tupu. Watoto wa shule walikuja kuziokota mpaka uwanja ukawa wa rangi ya wino. Mimi nilizila, maana njaa ya mtoto haishuku, ila nilipolala nilijiuliza kwa nini ziwe tamu mwaka huu. Niliona pia kwamba juu kidogo ya lile doa gome lilikuwa limevimba, limetoa mdomo, na siafu wanatembea hapo. Nikasema moyoni: chochote alichokitia, kimeanza kuingia.

Masika ikaja, majani yakaanza kugeuka manjano. Hayakukauka ghafla. Tawi moja la juu lilianza, kisha jingine, na mvua inanyesha usiku kucha. Watu waliopita walitikisa vichwa. Mti haufi kiu wakati wa mvua, walisema, na waliposema hivyo waliangalia nyumba yetu, au nyumba ya pili, kutegemea wanamjua nani zaidi. Siku moja nilitoka shule nikakuta mwanya umefungwa. Bi Zuwena alikuwa amesuka makuti mapya, mabichi, akayafunga kwa kamba kutoka kwenye shina hadi nguzo. Alikuwa amesuka vizuri sana, hakuacha hata tundu la kuchungulia. Nilisimama pale na begi langu la shule nikaona aibu, kama vile mimi ndiye niliyefungiwa nje, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Jioni hiyo Bibi akaniambia, huku akichambua mchele bila kuniangalia, kwamba shule zikifungwa nitakwenda Tanga kwa mama.

"Kwa siku ngapi?"

"Kukaa. Utahamishiwa shule ya huko."

"Kwa nini, Bibi?"

"Siwezi kulea mtoto kando ya mtu asiyetutakia mema. Leo mti, kesho nani?"

Mama alipanga chumba kimoja humu humu Usagara, uwanja wake ukiwa ndio jiko la wapangaji wote. Nilikuwa nimewahi kumtembelea na nilikuwa nahesabu saa za kurudi. Sikutaka kwenda. Nilitaka chai ya upande huu na ukili wa upande ule, nilitaka kuitwa majina yangu yote mawili. Nililia mpaka Bibi akaacha mchele. Lakini hakubadili neno, na nikajua kwamba kama Bi Zuwena ndiye muuaji wa mti, basi mimi nimekwisha. Ndipo nilipoanza kumchunguza kwa bidii mpya. Nilitaka nimkamate, au nijaribu kumkamata nishindwe. Sikujua kipi nakitaka zaidi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyekuwa mgeni kazini, bado ana moyo. Siku moja aliingia darasani na glasi mbili na michicha miwili mirefu iliyochanua. Akamimina kwenye glasi moja ile rangi nyekundu ya kupakia ubuyu, na darasa zima likameza mate. Akausimika mchicha mmoja kwenye rangi, mwingine kwenye maji matupu, akaviweka dirishani. Kesho yake majani ya ule mmoja yalikuwa na mishipa myekundu. Akakata shina kwa wembe akatupitishia mezani, na ndani yake tukaona vidoa vyekundu vimejipanga.

"Hii ni mirija ya maji," alisema. "Imo ndani, kwenye mti wenyewe. Inapandisha. Lakini majani nayo yanapika chakula, na chakula hicho ni sukari. Kinashukaje mpaka mizizini, wakati mirija ya maji inapandisha tu?"

Akaokota kijiti cha mpera, akachuna gome lake, akatuonyesha utando mwembamba na mbichi ulioganda upande wa ndani. "Hapa. Chini ya gome. Hii ni mirija mingine, na hii inashusha."

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaamua kuunyoosha. "Mwalimu, na mtu akibandua gome?"

"Akibandua upande mmoja si neno, chakula kitapita upande mwingine. Akizunguka mti mzima, mti utakufa. Hamjaona watu wanaosafisha shamba wanavyoua miti mikubwa? Wanaizungushia tu panga. Ila haufi leo. Maji bado yanapanda, majani yanabaki mabichi, hata matunda yanaweza kunona kwa sababu sukari yote imezuiliwa juu. Mizizi ndiyo inayokufa njaa kwanza. Baada ya miezi, ndipo unaona."

Sikusikia kilichofuata. Nilikuwa naona zile zambarau za asali, na ule uvimbe wenye siafu. Mtu amezunguka mti, nilijiambia. Lakini Bibi alikata pande mbili tu, nilishika kikapu. Na Bi Zuwena nilimwona akikata upande mmoja.

Niliporudi nyumbani Bibi alikuwa jikoni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mzambarau, na hapo miguu ikagoma. Lile doa la majivu lilikuwa limekauka na kupasuka. Nilikuwa nimeambiwa nisiliguse hata nikianguka, na niliamini kabisa kwamba mkono utakaogusa pale utanyauka kama yale majani. Nilifikiria Tanga. Kisha nikafumba macho nikaweka vidole.

Ilikuwa udongo na majivu. Ulibomoka kwa kucha, ukaanguka miguuni kwangu, na chini yake hapakuwa na hirizi wala msumari wala nywele za mtu. Palikuwa na mti mtupu, mkavu, uliokatwa vizuri kwa kisu kidogo. Nikaendelea pembeni. Nikang'oa makuti ya mashariki, nikakwangua udongo mwekundu wa Bibi, na pale udongo mwekundu ulipokwisha ndipo ule wa majivu ulipoanzia. Kidole changu kilitembea kutoka jeraha moja hadi jingine bila kukutana na gome. Nikajipenyeza kwenye makuti ili nifike upande wa Bi Zuwena, na huko nako, palepale kwa kimo kilekile, palikuwa na doa la majivu ambalo sikuwahi kuliona.

"Vero! Toa mkono hapo! Yesu na Maria, toa mkono!"

Bibi alikuwa anakimbia na mwiko mkononi. Na kutoka ng'ambo ya pili, kabla hajafika, sauti nyingine ikapiga yowe. "Nani huyo? Veroni? Mwanangu, usiguse udongo ule mwekundu, wallahi usiguse!"

Bi Zuwena hakuzunguka njia. Aliyasukuma kwa bega yale makuti aliyoyasuka mwenyewe, kamba zikakatika, akatokea upande wetu na vipande vya kuti kwenye nywele. Kila mmoja alinishika mkono, wakanivuta, kisha kila mmoja akashtuka kwamba mwenzake naye anavuta. Walikuwa hawajasimama karibu hivyo tangu kabla ya zambarau. Bibi alikuwa anautazama mkono wangu wa majivu, Bi Zuwena alikuwa anautazama ule wenye udongo mwekundu, na wote wawili walikuwa wanahema.

"Bibi," nikasema, "hapa na kule ulikata wewe. Nilikuwepo. Na hapa na nyuma, nani kakata?"

Nilidhani Bibi atanizaba kofi.

"Mimi," Bi Zuwena alisema. "Upande wa kibla, wa kaskazini, na mkabala wake. Ndivyo nilivyoelekezwa na mzee mmoja wa kijiji cha Moa ajuaye miti. Akaniambia mashariki na magharibi niuachie mti, usije ukafa."

"Ulikuwa wauroga," Bibi akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Niuroge ya nini, Mama Kristina? Zambarau si nazila?" Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Dawa haitangazwi, lakini imeshakauka hata hiyo dawa. Nina sukari, shoga yangu. Nilipimwa Pangani."

Bibi alikaa kwenye mzizi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha chai yako."

"Nami nikasema umeona kitu kwenye chai yangu."

"Si niliona! Niliona vijiko vile vyako vya kujaza." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nikasema nisipokunywa atanihisi, nikinywa nitakufa. Nikasingizia saumu. Halafu wewe nawe ukaikataa halua yangu. Nikasema basi, amenichukia, na udongo mwekundu huu kautegea mimi. Kila Alhamisi nafukiza ubani, nalala macho wazi."

Bibi aliinamisha kichwa, akawa anakwangua mwiko kwa kidole ingawa ulikuwa safi. "Meno yangu hayana kitu," alisema. "Nami ninayo hiyo hiyo."

Sijui niliisimulia vipi habari ya mirija, maana nilikuwa nalia na nilitaka kusema yote kwa mara moja, mchicha, rangi ya ubuyu, wembe. Lakini walielewa. Bibi alipiga magoti akapitisha kiganja kuzunguka shina kama nilivyofanya mimi, akafika kwenye makuti, na kiganja cha Bi Zuwena kikaendelea kutoka hapo. Hakuna aliyekuwa amefanya makosa. Kila mmoja alikuwa ameuachia mti pande mbili, na kila mmoja alikuwa amechukua zile ambazo mwenzake ameuachia.

"Kwa hiyo umekufa kwa kukosa sukari," Bi Zuwena alisema.

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Sisi imetuzidi, na mti umeikosa." Akauegemea mti, akaanza kulia kwa sauti, na Bibi akamshika. Nilifurahi, na wakati huohuo nilikuwa na hasira nao, hasira ambayo hainiishi mpaka leo. Watu wazima wawili, ua mmoja, ugonjwa mmoja, na neno moja tu lingetosha.

Sikuhamia Tanga mwaka ule wala mwaka uliofuata. Mti haukupona. Wapasua mbao waliuangusha, na pale kwenye kisiki wale wazee wawili waliendelea kukaa jioni, wakinywa chai chungu ya iliki na kuisema kwamba haifai hata kwa kuku. Mwanya haukuzibwa tena. Kliniki walikwenda pamoja, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini, wakinyang'anyana kiti cha mbele. Bi Zuwena ndiye aliyetangulia kufariki, nami nikarudi kutoka chuoni kuzika. Bibi alimfuata masika ya pili yake. Wote niliwalilia sawa.

Ningependa kusema kwamba niliondoka pale nimefundishika. Niliondoka na kushuku tu. Nilijifunza kwamba kila udongo umefunika kitu, nikawa mtu wa kukwangua vya watu, na changu nikakipaka udongo vizuri. Maana mwezi uliopita nilipimwa hospitali, na nikatoka na neno lilelile la Bibi, na hadi juzi hakuna aliyelijua isipokuwa mume wangu. Mama Swaumu, jirani yangu, alileta kashata, nikasema nimeshiba. Akaleta mkate wa kumimina, nikasema tumbo. Wiki iliyopita tulipokutana bombani aliitikia salamu yangu akiwa ameshaangalia pembeni. Na juzi mtoto wake akasimama mlangoni kwangu na sahani, ananichunguza, anataka kujua nimeona nini kwenye vitumbua vya mama yake.

Nilimwita akiwa ameshafika kwenye ngazi. Nikaichukua ile sahani, nikashuka naye hadi kwao, kawa ikiwa bado juu. Mama Swaumu alikuwa anaosha karai uani. Alipoona sahani imerudi kama ilivyokwenda, uso ulimkunjamana. Nilichukua kigoda nikakaa bila kukaribishwa.

"Mama Swaumu," nikamwambia, "mimi nina sukari."

Aliweka karai chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole, akavuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Tangu lini?" akaniuliza.